Fito Zisizobeba Kitu

Kijiwe chetu ni ubao mrefu juu ya matofali, umewekwa chini ya chumba cha mbele cha ghorofa ambalo zamani lilikuwa ghala. Chumba hicho kimejitokeza nje ya ukuta, kikasimama juu ya mabomba manne ya chuma, marefu, membamba, rangi yake ya kijani imebabuka. Katikati ya urefu wa mabomba, juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, zimepita fito za chuma: nyingine zinaunganisha bomba na bomba, nyingine zinarudi kushikwa na ukuta. Chini ya fito hizo Bi Birika anauza kahawa. Juu, ndani ya chumba, anaishi mama yake, tunamwita Bibi wa Juu, ambaye tangu nyonga imkatae hashuki ngazi, na kikombe chake humfikia kwa kikapu na kamba. Mimi ni fundi wa makufuli, meza yangu iko ubavuni mwa ubao, ndiyo maana naitwa Kufuli, ingawa mdomo wangu hajawahi kuufunga mtu.

Siku ninayoisimulia tulikuwa na hasira tangu kikombe cha kwanza. Mwenye ghorofa, tunayemwita Bosi kwa sababu hatumpendi, alipita jana yake jioni akatangaza kwamba fito zote zinakatwa. Anataka malori yaingie kinyumenyume chini ya chumba mpaka mlango wa duka lake, na lori halipiti chini ya fito. Mabomba yenyewe, alisema, hayaguswi hata moja. Fundi wa gesi, wa kukata chuma, angekuja kabla ya mchana, na ubao wetu uwe umeshaondoka.

Wa kwanza kumtetea Bosi, kwa aibu yetu sote, alikuwa Nondo. Nondo ni mchukuzi, anabeba magunia sokoni, shingo na kichwa chake vina upana mmoja, na kwa vile ndiye anayebeba, anajiona mtaalamu wa kila kitu kilichobeba kitu.

— Nguzo ni unene, akasema. Bomba litabaki lile lile, unene ule ule. Mimi ukinivua shati, nguvu zangu zinapungua?

— Harufu ndiyo itaongezeka, akasema Wakili.

Wakili si wakili. Anauza betri na miswaki. Aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo haongei, anatoa hoja. Hoja yake ya asubuhi hiyo ilikuwa kwamba Bosi anajua fika nyumba itaanguka, tena anaomba ianguke, kwa sababu ya bima. Tulipomwambia kwamba nyumba yenyewe haina bima, akasema hiyo ndiyo inayoonyesha ujanja wa mtu yule, maana nani angemshuku?

Nondo hakukubali kwamba kuna kitu kitaanguka. Alisimama, akaligonga bomba kwa kiganja.

— Sikilizeni hili. Hiki chuma ni kizee. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hiki kimekauka zamani, hakikunjiki tena. Kingekuwa kibichi ningeogopa.

Kuna methali nyingine ukizisikia zimetumika hivyo unataka kuwaomba radhi waliozitunga. Lakini tulikaa tukaitafakari, maana ilikuwa na mantiki ya aina yake. Mimi mwenyewe nilikuwa na wazo langu, na sioni haya kulisema: niliamini chumba kile kinaning'inia kutoka kwenye paa, na mabomba yamewekwa chini yake kwa mapambo. Nikaeleza. Wakili akanipita. Akasema mabomba yale yamezamishwa mpaka kwenye maji ya ardhini, na maji yanapopanda asubuhi ndiyo yanayosukuma chumba juu; ndiyo maana Bibi wa Juu huamka mapema, kitanda kinamwinua.

— Mimi huamka mapema kwa kelele zenu, ikasema sauti kutoka dirishani.

Tukacheka, kisha tukamwamkia kwa adabu. Bi Birika hakucheka. Alikuwa anapangusa vikombe ambavyo vilikuwa vikavu tayari, na nilimwona akitazama juu, kwenye mbao za sakafu ya mama yake, kisha kwenye mabomba, kisha juu tena. Bi Birika nimemjua muda mrefu na sijawahi kumwona ameogopa. Asubuhi ile aliogopa, na kumwona hivyo kulinitia hofu na mimi, na hofu yangu kwa kawaida hutoka ikiwa matusi. Nikamtukana Bosi matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

— Kanuni, akasema Bi Birika. Wewe umenyamaza kwa nini?

Kanuni alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na ana ubaya mmoja: huwa sahihi kwa namna inayochosha. Pia aliwahi kutuambia kwamba tanki la maji la jirani litaanguka, likakataa, liko pale mpaka leo, na sisi tumelifanya tanki hilo kuwa jibu la kila jambo analosema.

— Nimenyamaza kwa sababu mtanitajia tanki.

— Hatulitaji, akasema Bi Birika, akatutazama mmoja mmoja. Hakuna atakayelitaja.

Basi Kanuni akaweka kikombe chini, akaanza. Akasema sisi wote tunadhani nguzo hufa kwa kupondwa, kama tofali chini ya gurudumu. Nguzo fupi nene, ndiyo, hufa hivyo. Nguzo ndefu nyembamba haifi hivyo. Inakufa kwa kuinama. Chuma kinakuwa bado kizima, hakijachoka, kingebeba zaidi, ila kimeondoka kwenye mstari wake, na kikishaondoka mzigo wenyewe ndio unaokimalizia. Kwa hiyo swali la kuiuliza nguzo ndefu si unene peke yake. Ni urefu: kutoka pale inaposhikwa mpaka pale inaposhikwa tena.

— Sasa hivi bomba linashikwa chini, linashikwa katikati na fito, linashikwa juu. Ukikata fito, linashikwa chini na juu tu. Urefu usioshikwa unakuwa mara mbili. Na mzigo linaoweza kuuvumilia bila kuinama unabaki robo.

— Nusu, akasema Nondo.

— Robo.

— Mara mbili ni nusu, mwalimu. Hata mimi hilo nalijua.

— Urefu hapa unajizidisha wenyewe kwa wenyewe. Mbili mara mbili.

— Nani aliupa ruhusa? akauliza Wakili.

Hapo Kanuni akataka karatasi, na tukajua tumempoteza. Akaanza kutaja alama na mzizi wa hiki na kipeo cha kile, mkono unachora hewani, mpaka Nondo akageuka kutazama barabara na mimi nikachukua tupa nikaanza kusugua ufunguo wa mteja. Alikuwa sahihi yule mzee, najua leo, na alikuwa anatupoteza huku akiwa sahihi. Bi Birika ndiye aliyemkatiza. Akachomoa njiti moja kwenye ufagio wake, ndefu, kavu, iliyonyooka, akamwekea mkononi.

— Nionyeshe kwa hii. Anayelala pale ni mama yangu.

Kanuni alisimamisha njiti juu ya ubao na kuibonyeza kwa kiganja, lakini mikono yake ya uzee ilitetemeka, njiti ikaruka na kutua ndani ya kahawa ya Wakili. Wakili akataka jambo hilo liandikwe mahali fulani. Ikachomolewa njiti nyingine, na safari hii akapewa Nondo.

— Bonyeza polepole.

Nondo hakuwa amebonyeza sawasawa, njiti ikaenda upande, ikawa upinde.

— Imevunjika?

— Haijavunjika, akasema Nondo. Imenikwepa.

— Sasa inyooshe tena.

Kanuni akaweka kidole gumba na cha shahada katikati ya njiti, upande huu na upande huu, bila kuibana.

— Mimi sisukumi wala sivuti. Nimeigusa tu. Bonyeza.

Nondo akabonyeza. Njiti ikakaa. Akaongeza, njiti ikakaa, na ile ncha ikaanza kumwingia kiganjani mpaka akakunja uso. Mtu wa magunia, anaumizwa na njiti ya ufagio.

— Vidole vyangu vimebeba nini?

— Havijabeba kitu. Mzigo wote uko kwangu.

— Nivitoe?

Hakungoja jibu. Alivitoa, na njiti ikaruka upande papo hapo, kiganja cha Nondo kikagonga ubao hata vikombe vikaruka.

Kanuni akasema kwa sauti ya chini kwamba ukuta unaochoka hupasuka kwanza, unakuonya, unapata muda wa kubeba godoro. Nguzo nyembamba haikohoi. Inasimama wima, inasimama wima, halafu haipo.

— Kwa hiyo yataanguka, nikasema.

— Sijui. Robo inaweza kutosha. Sijui bomba lina unene gani kwa ndani, sijui kutu imekula kiasi gani. Inaweza isitoshe. Mimi nasema hakuna aliyepima, na anayetaka kukata hataki kupimiwa.

Wakili akasema njiti si chuma, na kwamba mahakamani njiti ile isingepokelewa. Nondo, ambaye bado alikuwa anajikuna kiganja, alijaribu kurudi kwenye msimamo wake: yeye anabeba gunia peke yake, hakuna mtu anayemshika katikati.

— Na kile kitambaa unachokifunga kiunoni kabla hujabeba? akauliza Bi Birika. Kinabeba gunia?

Nondo akajishika kiunoni.

— Hakibebi. Lakini sibebi bila hicho.

— Haya.

Bosi alifika wakati huo. Alikuja na funguo nyingi na uso wa mtu aliyekwishaamua, akashangaa kukuta ubao uko palepale na sisi tumeuzunguka. Akatueleza kwa upole kwanza. Alikuwa amenunua benchi jipya, lingewekwa ng'ambo ya barabara, lenye mwamvuli.

— Mwamvuli wa rangi gani? akauliza Nondo, na nikampiga kiwiko.

Nikamwambia Bosi kwamba mabomba yatainama. Akacheka. Akasema yeye hapunguzi nguzo hata moja, anaziacha zote nne, chuma kile kile. Tena anaipunguzia nyumba uzito, maana fito nazo zina uzito. Akamgeukia Kanuni, kwa vile ndiye msomi.

— Mwalimu, sema ukweli wako. Fito hizi zinabeba kitu?

Na Kanuni, asiyejua kusema uongo hata wa kuokoa roho, akajibu.

— Hazibebi kitu.

Nilitaka kumfungia kwenye kasha. Bosi alipanua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Kanuni aliendelea kusema kwamba kazi ya fito si kubeba, ni kuzuia nguzo isianze kuinama, lakini nani alikuwa anamsikiliza tena?

— Mmesikia, akasema Bosi. Hazibebi kitu. Fito hizi na nyinyi ni ndugu. Mmejishikiza tu hapa mwaka hadi mwaka, hambebi chochote.

Bi Birika akaweka birika chini. Aliliweka taratibu, kwa mikono miwili.

— Sawa. Kama ni ndugu zetu, basi utatukata pamoja nazo. Maana hapa hatutoki.

— Mama, dua la kuku halimpati mwewe.

— Kuku mwenye vifaranga humjui.

Mimi sikuwa nimekusudia ushujaa wowote siku hiyo. Nina kazi yangu, nina wateja wanaosubiri funguo. Lakini niliposikia maneno yale nilijikuta nimeinuka kwenye kigoda changu cha kazi na kwenda kukaa kwenye ubao, katikati kabisa, magoti wazi. Wakili akakaa kulia kwangu na kutamka kwamba anakaa chini ya pingamizi. Kanuni alikuwa ameshakaa. Nondo alibaki amesimama, akitazama kiganja chake, kisha akatazama lile bomba alilokuwa amelipiga asubuhi kwa majivuno.

— Robo, akasema, kama anajisemea. Akakaa. Ubao ukalia.

Bosi akabadilisha njia. Akasema basi, kwa kuwa watu wana wasiwasi, Bibi wa Juu ateremshwe kwa muda wakati wa kukata, kisha atarudishwa. Alikuwa radhi kuleta vijana wa kumbeba kwa kiti. Alisema hivyo kwa sauti ya huruma, na nadhani alidhani ametumaliza. Lakini dirisha lilifunguka lote, kikatoka kichwa cheupe, na mama yule akamtazama kutoka juu kama anavyomtazama mtoto aliyekuja kuazima chumvi mara ya tatu.

— Mwanangu, kama nyumba ni salama, nishuke kwa nini? Na kama si salama, unaikata kwa nini?

— Ni utaratibu tu, bibi.

— Huo utaratibu ushuke wenyewe. Mimi nilipanda hapa kwa miguu yangu kabla nyonga haijanikataa. Sishushwi kwa kiti niwe kama kabati.

Dirisha halikufungwa. Tulimsikia akivuta kiti chake karibu nalo.

Ndipo fundi wa gesi akafika, anasukuma mkokoteni wenye mitungi na mpira umezungushwa begani. Hatukumjua, si wa mtaa ule. Mtu mkavu, ana kovu la kuungua mkononi, hakutusalimu kwa maneno mengi. Bosi alimwonyesha fito, akamwambia aanze na zile za mwisho, na asituhesabu sisi, tutaondoka wenyewe tukiona moto. Fundi akaegemeza ngazi, akapanda. Hakuwasha chochote. Aliugonga ufito mmoja kwa koleo, akashika bomba kwa kiganja juu ya ufito, akalishika tena chini yake, akainua shingo kutazama sakafu. Kisha akashuka.

— Juu kuna mtu?

— Kuna mama yangu, akasema Bi Birika.

— Na hawa?

— Hawatoki.

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akamgeukia Bosi.

— Nikikata wa mwisho, mimi nitakuwa kwenye ngazi hapa. Mama atakuwa juu, hawa watakuwa kwenye ubao. Wewe utakuwa umesimama wapi?

— Kwani mimi nahusika vipi na kukata? Kata.

— Nauliza tu. Utakuwa umesimama wapi?

Bosi alifuta jasho. Na sisi, tuliokuwa tumemsubiri ajibu, ndipo tukaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Tangu afike, mtu yule hakuwa ameingia kivulini. Alibishana nasi kutoka barabarani, kwenye jua kali, jasho linamtiririka shingoni mpaka kola imelowa, na kivuli cha chumba chake mwenyewe kiko hatua mbili mbele yake. Alikuwa ametuambia mabomba ni imara, chuma ni kile kile, na hakuwa amethubutu kusimama chini yake.

Hakuna aliyemtukana, hata mimi. Bi Birika aliinuka, akatusukuma kwa mkono, tukasogea. Nondo, mwenye mwili mkubwa kuliko wote, ndiye aliyejibana zaidi. Ilipatikana nafasi ya mtu mmoja katikati ya ubao. Akaipangusa kwa upande wa kanga yake. Akachukua kikombe kizuri, kile kisicho na ufa, akamimina kahawa ya mwisho iliyokuwa kwenye birika, akakiweka pale.

— Karibu ukae, Bosi. Hapa, chini ya mama. Ukishakaa, fundi awashe.

Bosi alitazama kikombe. Alitazama juu, kwenye fito, akarudisha macho kwenye kikombe. Mguu wake mmoja ulisogea mbele kidogo, ukarudi. Fundi alivua mpira begani, akauzungusha juu ya mitungi, akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni wake kungoja. Na sisi tukangoja. Kutoka dirishani, mtu ambaye sakafu ilimzuia asione ubao akauliza:

— Amekaa?

— Bado, mama.

— Basi na mimi sishuki.